Fundi Aliyekuja Bila Bisibisi

Duka la vifaa vya michezo lilikuwa limefurika watu Ijumaa ile mchana, saa ambayo wafanyakazi wa maofisini hutoka kwenda kula. Katikati ya msukumano alisimama mwanamke wa miaka arobaini na tisa, sketi ya kijivu iliyomkaa sawasawa, blauzi nyeupe iliyonyooshwa mpaka kwenye vifungo, na miwani ya jua usoni ingawa humo ndani hakukuwa na jua. Alikuwa daktari wa meno. Nusu ya mji ilishawahi kumfumbulia mdomo, na hakutaka hata mmoja wao aone alichoshika: viatu vya mpira vya kuvaliwa majini, vyeusi, jozi ya mwisho kwenye rafu.

"Samahani, mama," sauti ya kiume ikasema kando yake. "Hivyo ni namba arobaini na moja?"

Aligeuka. Mwanaume wa makamo, mrefu, mvi zimeanzia masikioni, ovaroli ya bluu yenye doa la grisi mfukoni.

"Ndiyo. Namchukulia binti yangu," alisema haraka, kabla hajaulizwa.

"Binti ana mguu wa maana."

"Na wewe arobaini na moja ya nini? Mtu mzima na urefu wote huo."

"Mimi namchukulia mpwa wangu," alijibu, akatazama dari.

Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anadanganya, ila hakujua kwa nini. Mwisho mwanaume akasogea kando, akamwachia njia ya kwenda kwenye kaunta. "Chukua wewe. Mpwa wangu atavumilia."

Kesho yake saa tatu asubuhi walikutana tena. Chama cha mashua kilikuwa ukingoni mwa ziwa, nyuma ya maghala ya mji, na darasa la wanaoanza lilikuwa na watu kumi na wawili. Kumi kati yao walikuwa na umri wa kuwa watoto wao. Daktari alikuwa amejibana nyuma ya kibanda cha makasia, suruali fupi inambana mapaja, anajuta. Akamwona yule bwana anakuja na raba za kitambaa zilizopauka.

"Naona binti amekuazima viatu," alisema.

"Na mpwa wako amekutuma uje kumwandikisha?"

Wote wawili walicheka wakiwa wameinamisha vichwa, kama watu waliofumaniwa.

Yule bwana alikuwa fundi wa majokofu, na mji mzima ulimwita Barafu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mkewe alifariki miaka sita iliyopita, na alikuwa akiishi na dada yake, ambaye angesikia habari ya mashua angemuuliza kama kichwa kimeanza kupata moto. Wiki chache nyuma alikuja kutengeneza friji ya chama, akasimama mlangoni kutazama matanga, akachelewa kazi mbili siku hiyo. Daktari yeye alikuwa ameyatazama matanga hayohayo miaka kumi na saba kutoka dirisha la kliniki yake, ghorofa ya nne, mikono ikiwa kinywani mwa watu. Mumewe waliachana zamani. Binti yake alikuwa mkubwa, ana mchumba. Siku moja alijikuta amesimama na koleo mkononi, mgonjwa kaacha mdomo wazi, na yeye anafuata tanga moja jekundu kwa macho mpaka lilipopotea. Jioni ile alipiga simu kuuliza masomo yanaanza lini.

Mashua zenyewe zilikuwa katamarani ndogo: maboya mawili marefu yaliyochongoka kama ndizi, yameunganishwa kwa vyuma, na katikati yake wavu mgumu ambao watu wawili hukalia. Mmoja anashika usukani, mwingine kamba ya tanga. Kocha, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni na maneno machache, aliwapanga kwa uzito. Aliwakagua Daktari na Barafu kuanzia juu mpaka chini.

"Nyie mnatoshana," alisema mbele ya darasa zima. "Chukueni ile kubwa."

Dakika ishirini za kwanza walizunguka mahali pamoja. Kisha upepo ukashika. Boya la kushoto likaanza kuinuka juu ya maji, kidogo kidogo, na Kocha akawa anapuliza filimbi na kupaza sauti kutoka kwenye boti yake ya injini: "Achia kamba. Barafu, achia kamba." Barafu, ambaye maishani mwake kitu kikitikisika hukikaza, aliikaza. Mashua ilipinduka taratibu, kwa heshima kabisa, ikawamwaga ziwani mbele ya veranda ya mgahawa iliyojaa watu wanaokunywa chai.

Kupinduka si kitu. Aibu ilikuwa kupanda tena. Jaketi la kuelea lilikuwa limempanda Daktari mpaka masikioni, mikono haina nguvu, na kila alipojivuta juu ya wavu alirudi majini kwa mshindo. Mara ya nne Barafu alilazimika kumsukuma kutoka chini, kwa bega, na Daktari akabaki ananing'inia, kichwa upande mmoja, makalio yameelekea veranda. Mtu mmoja kule juu alipiga makofi. Akamtambua: alimziba jino mwezi uliopita.

"Sirudi," alisema walipofika ufukweni, midomo inatetemeka.

"Hata mimi," alisema Barafu. Hakuweza kumtazama usoni.

Jumatatu simu ya kliniki ililia.

"Napiga kwa ajili ya jino," sauti ilisema.

"Lipi?"

"Lile linalouma kila nikikumbuka Jumamosi."

Daktari alizunguka na kiti akaupa mgongo mlango. "Hilo linang'olewa tu, bwana. Halina dawa."

"Ningependa kwanza tujaribu kulitibu. Jumamosi saa tatu. Safari hii nitaachia kamba, naapa."

"Ukikaza tena nakuacha humohumo ziwani."

"Nikikaza tena nitastahili."

Wakarudi, na Jumamosi zilizofuata wakaendelea kurudi. Walijifunza kuusikia upepo kwa shavu kabla haujafika kwenye tanga, na kuhama upande mmoja kwenda mwingine bila kugongana vichwa. Daktari aligundua kwamba mikono iliyozoea meno ni mizuri kwenye usukani, maana haishituki. Barafu aligundua kwamba akimtazama shingoni, pale nywele fupi zilipolowa, anasahau kamba. Simu zikawa za kila siku, mchana, kati ya mgonjwa na mgonjwa.

"Umekula, Nahodha?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Niko ndani ya chumba cha baridi cha bucha. Nimezungukwa na mapaja ya ng'ombe nakuwaza wewe."

"Asante sana kwa heshima hiyo."

"Ungejua mapaja yenyewe yalivyo mazuri."

"Barafu, koma. Nina mtu kwenye kiti hapa."

Mwezi wa pili, wakikunja tanga kwenye nyasi, Barafu alimshika mkono na hakuuachia. Daktari naye hakuuondoa. Lakini siku hiyohiyo binti yake alipopiga simu kuuliza yuko wapi, Daktari alisema yuko kwenye semina. Barafu alisikia. Aliendelea kukunja tanga.

Kwa binti, ile semina ilikuwa na wiki tisa sasa.

Jumapili moja mchana wazazi wa mchumba wa binti walifika nyumbani kwa Daktari kwa mara ya kwanza, wafahamiane, binti na mchumba wake wakiwepo. Baba alikuwa mhandisi mstaafu wa barabara, mama alikuwa mwalimu mkuu wa zamani ambaye bado alikaa kwenye kiti kama anasimamia mtihani. Wote walimwita Mwalimu. Daktari alivaa gauni refu la kijani, akatoa vyombo vya kabatini, akazima simu ili wasisumbuliwe. Walikuwa wamefika kwenye matunda kengele ya mlango ilipolia. Alikwenda mwenyewe.

Barafu alikuwa amesimama na kofia ya majini ya Daktari mkononi, ile aliyoisahau jana kwenye gari lake la kazi. Alikuwa amenyoa ndevu. Shati lake la samawati lilikuwa jipya, mikunjo ya kiwandani bado inaonekana kifuani. Manukato yalimtangulia.

"Nimepiga simu haipatikani," alisema kwa sauti ya chini. "Nikasema nipite tu. Kama unapumzika naondoka."

"Nani, mama?" binti aliuliza kutoka mezani.

Nyuso nne ziligeuka. Daktari aliona kila kitu kwa mpigo: kucha zenye weusi usiotoka kwa sabuni, viatu vya kazi chini ya shati jipya, macho ya Mwalimu juu ya miwani. Mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Ni fundi," alisema. "Fundi wa friji. Nilisahau kwamba nilimwita."

Barafu alimtazama mara moja tu, kama mtu anayesoma kibao kuhakikisha hajakosea nyumba. Kisha akavua viatu mlangoni, akawasalimia wakubwa kwa kuinama, akapita kwenda jikoni. Kutoka mezani walimwona akipiga magoti mbele ya friji nzima isiyo na ugonjwa wowote. Akaivuta kidogo, akainama nyuma yake, akasikiliza, akapitisha kiganja kwenye mpira wa mlango. Vumbi lilimshika magotini. Akairudisha mahali pake taratibu.

"Imekaa sawa, mama," alisema alipotoka. Hakumwita Daktari. "Kuna waya ulikuwa umelegea."

"Asante, fundi," alisema yeye.

Kofia aliiacha juu ya friji.

Daktari alirudi mezani akamenya chungwa. Aliongea, alicheka palipohitajika kuchekwa, akamwongezea Mwalimu chai. Ndani yake kitu kilikuwa kimelala chali kama mdudu na hakiwezi kujigeuza. Wageni walipoondoka alikwenda jikoni, akaona alama za magoti mawili kwenye sakafu aliyoipiga deki asubuhi. Akazifuta kwa kitambaa, kisha akakaa palepale chini.

Alimpigia mara sita siku hiyo. Ya saba akaandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Jibu lilikuja kesho yake mchana, sentensi moja: "Friji yako ni nzima, Daktari."

Jumamosi hakuwepo ziwani. Kocha alisema amehamia darasa la Jumapili. "Mmekosana?" aliuliza, na Daktari akajibu kwamba hajui, labda ana kazi nyingi. Hata hapo, kwa Kocha asiyemhukumu mtu, alishindwa kusema. Siku hiyo alishika usukani vibaya mpaka Kocha akamnyang'anya.

Jumatano Mwalimu alipiga simu.

"Mkwe, nisaidie jambo. Yule fundi wako nimempenda, ana utulivu. Friji yangu inatoa maji. Nipatie namba yake."

Ungekuwa wakati mzuri wa kusema. Daktari alitaja namba, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa moyo. Hakuhitaji kuitafuta popote.

Ijumaa Mwalimu alipiga tena, amefurahi. "Mtu mwenye adabu kweli. Nimemuuliza mmefahamiana siku nyingi, kasema anakufahamu kikazi tu. Kesho kutwa saa kumi anarudi kubadilisha mpira wa mlango."

Kikazi tu. Daktari aliweka simu juu ya trei ya vifaa na hakusikia msaidizi wake alipomwita.

Jumamosi hiyo hakwenda ziwani. Mchana binti yake alimkuta ameketi kitandani na kofia ya majini mapajani, akakaa pembeni yake.

"Mama, nikuulize kitu? Yule fundi."

"Amefanyaje?"

"Fundi gani anakuja bila hata bisibisi?"

Daktari aliigeuza kofia mapajani.

"Sisi wote tuliona," binti aliendelea. "Baba mkwe alituuliza kwenye gari, tangu lini mafundi wanajipulizia manukato. Mwalimu ndiye aliyesema tunyamaze, ni mambo ya nyumba ya watu. Kisha akaenda kuharibu friji yake. Sina hakika, lakini friji ile haijawahi kutoa maji."

Damu ilimpanda Daktari usoni mpaka masikio yakawaka. Kumbe siku ile alikuwa amekaa mezani anatabasamu mbele ya watu wanaomwona uchi, na aliyesitirika alikuwa mmoja tu, aliyepiga magoti jikoni.

"Unamwonea haya kwa sababu ya kazi yake?" binti aliuliza.

Ingewezekana kusema hapana. Ingewezekana kusema ni umri, ni hofu ya maneno ya watu.

"Ndiyo," alisema. "Na baba yangu alikuwa fundi bomba. Kila nilichosomea kilitoka kwenye mikono ya namna ileile. Sasa nielewe mimi ni mtu gani."

Binti alimwegemea begani na hakumwambia kwamba si kitu.

Jumapili saa kumi na robo Daktari alibonyeza kengele nyumbani kwa Mwalimu. Hakupaka kitu usoni, alivaa gauni la kawaida la kitenge. Jikoni Barafu alikuwa chini, ovaroli yake ya bluu, mpira wa mlango umemzunguka shingoni. Mara hii sanduku la vifaa lilikuwa wazi kando yake. Mhandisi alikuwa anamshikia tochi.

"Mkwe, karibu, kuna usalama?" Mwalimu aliuliza.

"Upo, Mwalimu. Nimekuja kusahihisha neno nililosema nyumbani kwangu." Alishika ukingo wa meza. "Huyu sikumwita aje kutengeneza friji. Huyu ni mtu wangu. Tunajifunza mashua pamoja ziwani, huu mwezi wa tatu, na nampenda. Mlipokuwa mezani nilimkana kwa sababu niliona haya mtamwonaje, na mimi mtaniona nani. Nilimpigisha magoti mbele yenu. Sikuwa na haki hiyo."

Mhandisi aliizima tochi, pengine kwa kukosa la kufanya. Barafu alikuwa akitazama bisibisi yake. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko ya Daktari.

"Umemaliza?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimemaliza."

"Basi niache nimalize kazi ya watu."

Daktari alikaa kwenye stuli ya jikoni akangoja. Mwalimu alimpa chai na hakumuuliza kitu. Mara moja tu alimsogezea sukari na kumgusa mkono. Barafu alifanya kazi dakika arobaini. Alisafisha alipochafua, akanawa, akawaaga wenye nyumba. Alipompita Daktari alisema neno moja.

"Jumamosi."

Jumamosi upepo ulikuwa mzuri mpaka walipofika katikati ya ziwa, ndipo ukakata kabisa. Tanga likalala, maji yakawa kama kioo. Boti ya Kocha ilikuwa mbali, ikiwavuta wengine. Wawili wale walikaa kila mmoja kwenye boya lake, wavu katikati yao, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kamba ya kuvuta wala usukani wa kugeuza.

"Ulisema vizuri kule," Barafu alianza. "Mimi sikuweza kujibu mbele ya watu. Siyo kiburi."

"Hukulazimika kunijibu."

"Nisikilize kwanza. Nilikukasirikia siku mbili. Siku zilizobaki nilijikasirikia mwenyewe." Alichovya vidole majini. "Hakuna aliyeniambia nipige magoti. Ulisema fundi, basi. Ningeweza kusema samahani nimepotea nyumba, nikaondoka na shati langu. Lakini niliona ile meza, zile sahani, nikahisi ndiyo nafasi yangu hasa, jikoni. Nilipiga magoti kabla hujamaliza kusema. Mtu wa miaka hamsini na mitatu. Hilo ndilo linalonichoma."

Daktari alilia bila sauti. Alisogea juu ya wavu, kwa magoti, maana hakuna namna nyingine ya kusogea pale, mpaka akafika upande wake. Mashua ikainama.

"Tutapinduka," alisema Barafu.

"Kaa katikati basi."

Akahamia katikati. Walikaa bega kwa bega, nguo zimelowa, jua linachoma.

"Nitaona haya tena," alisema Daktari. "Sitakudanganya. Kuna siku tutaingia mahali na nitaangalia kucha zako. Nimekulia na jambo hili, haliondoki kwa maneno ya siku moja."

"Na mimi nitatafuta jikoni nijifiche."

"Basi nitakufuata humo jikoni."

Barafu alicheka kidogo, cheko la mtu ambaye hajasamehe yote. Daktari alimshika mkono, akaufungua, akaweka kiganja chake juu ya kile cheusi.

"Nioe," alisema.

Alimgeukia. "Unasema hivyo kwa sababu ya aibu?"

"Kidogo kwa sababu ya aibu. Zaidi kwa sababu zile wiki mbili ulipokosekana, simu ikilia mchana nilikuwa naruka, na kila mara ilikuwa mtu na jino lake."

Barafu aliutazama mkono uliokuwa juu ya wake. Mbali, Kocha aligeuza boti yake kuwaelekea.

"Kuna mtu wa kuulizwa kwenu?"

"Kaka yangu mkubwa. Hakimu mstaafu. Ana maneno makali."

"Ataniuliza nafanya kazi gani."

"Ndilo litakuwa swali lake la kwanza."

"Na wewe utakuwa wapi nikimjibu?"

"Pembeni yako. Kwenye kiti."

Barafu alivuta pumzi, akaitoa. "Mwambie nakuja Jumapili ijayo. Na mwambie mapema mimi ni nani, asije akanitolea friji."

Daktari alicheka huku machozi yanaendelea, akampungia Kocha mkono kwamba asije, wako sawa. Walingoja. Baada ya muda alihisi ubaridi mdogo kwenye shavu la kulia, tanga likatikisika, likajaa. Kila mmoja akarudi upande wake.